Kichocheo kimoja kwa wiki: jinsi ya kuandikia watoto mashairi bila kusubiri aidia

Wengi wanaotaka kuandikia watoto mashairi wanakwama sehemu ileile, mtu anakaa na daftari anasubiri aidia ije, aidia haiji, anaishia kuandika tena kuhusu kupiga mswaki na kuwatii wakubwa. Njia rahisi ya kutoka hapo ni kujiwekea kichocheo cha wiki, yaani neno moja, au picha, au swali, unakaa nalo siku saba na wiki ikiisha uwe na shairi hata kama ni beti mbili tu. Kwa nini wiki? Kwa sababu kila siku inachosha, unaanza kuandika ili mradi umeandika, alafu ukikosa siku tatu mfululizo unaacha kabisa. Mwezi nao mrefu, unasahau ulikuwa unafanya nini. Wiki inatosha neno kukuzoea, unaosha vyombo linakuja, uko njiani linakuja, na mi naona shairi la mtoto linatungwa zaidi muda huo kuliko ukiwa umekaa mezani umekunja uso.

Tuanze na hivyo vichocheo vyenyewe. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo ukiwa na vikaratasi 52 kwenye kopo umemaliza habari ya mwaka mzima, ila usijaze vyote leo, andika kumi uanze, vingine vitakuja vyenyewe. Chagua siku yako, tuseme Jumatatu, unachomoa kimoja bila kuchungulia. Na ukishachomoa usirudishe, hata kikikuudhi. Kinachokuudhi mara nyingi ndo kitamu, maana huna maneno ya kawaida uliyoyazoea juu yake, inabidi uangalie hicho kitu upya.

Andika nini kwenye vikaratasi? Vitu vinavyoshikika: kifungo, ngazi, soksi iliyobaki moja, mlango unaolia. Maneno makubwa kama upendo, amani, elimu, umoja yaache kabisa, hayo yanakupandisha mimbarini kabla hujafika mstari wa pili, na mtoto anajua akianza kuhubiriwa, anakuangalia tu kwa adabu huku mawazo yameshatoka nje kucheza. Weka pia sauti, mfano bomba linalodondosha maji usiku. Weka vya "ingekuwaje kama", ingekuwaje kama paka angekuwa na kazi ya ofisini, ingekuwaje kama kelele zingekuwa na rangi. Na weka masharti, yaani kichocheo hakikupi mada ila kinakubana: shairi ambalo kila mstari unaanza na neno "labda", shairi la maswali matupu, au haiku ile ya Kijapani ya mistari mitatu yenye silabi 5, 7 na 5.

Lakini kama una watoto karibu, chanzo bora kuliko vyote ni maswali yao. Mwezi unanifuata mimi au unakufuata wewe? Jana imeenda wapi? Samaki akitaka kulala anafumbaje macho na hana kope? Haya mambo mtu mzima hakai akayatunga. Wakiuliza, andika palepale kwenye simu kwa maneno yao wenyewe, usinyooshe sarufi, maana kile kilichopinda ndo chenye utamu.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuusindikize wiki nzima. Umechomoa karatasi, imeandikwa KIVULI.

Siku ya kwanza usitunge. Hii watu hawaipendi lakini naisisitiza, usitunge. Siku mbili tatu za mwanzo ni za kuokota: kila kitu unachokiona kuhusu kivuli unaandika kwa mafungu, bila vina, bila mpangilio. Asubuhi kirefu kuliko mimi. Mchana kimejificha chini ya miguu. Kinapanda ukuta bila ngazi. Mlango ukiwa wazi kidogo kinakuwa chembamba. Hakilowi. Nikikaa kinakaa, nikiruka kinaruka. Usiku sijui kinalala wapi. Ukifika vitu kumi na kitu umetosheka, na utaona vile vitatu vya kwanza ni vya kila mtu, vizuri vinaanza kutoka ukishadhani umeishiwa.

Kama ungetunga siku ileile ya kwanza ungepata kitu cha hivi:

Kivuli kina faida,
Watoto tukitunzeni

Tumekitunza tukakiweka wapi? Kivuli hakitunzwi! Lakini ndo mashairi mengi ya watoto yalivyo, mtu anaona neno, anaanza kutafuta funzo.

Katikati ya wiki rudi kwenye orodha uchague upande mmoja tu. Sio kivuli chote na historia yake, upande mmoja, na kiwe kinafanya kitu. Mtoto anafuata kitendo, sifa zinampita. Hapa mi ningechukua hilo la kuiga na kujificha, alafu kuna mbinu moja naipenda kuliko zote: litoe lile neno la kichocheo lisionekane popote kwenye shairi. Ukilificha, shairi linageuka kitendawili, na msikilizaji ana kazi ya kufanya badala ya kukaa tu. Tazama:

Asubuhi kama twiga,
Nikiruka kinaiga,
Mchana nakikanyaga,
Usiku hulala wapi?

Ukutani kinapanda,
Mlangoni kinakonda,
Nikikaa kinaganda,
Sasa hiki kitu kipi?

Ni mistari minane tu na karibu yote imetoka kwenye ile orodha, kilichobuniwa siku ya kutunga ni kidogo sana. Ndo maana nasema siku za kuokota sio za kuruka.

Umbo nalo tuliongelee kidogo maana hapa watu wanajitesa bure. Tarbia ya kawaida ina mishororo (mistari) minne kila ubeti, na kila mshororo una vipande viwili vya mizani (yaani silabi) 8 kila kimoja, jumla 16. Kwa mtu mzima safi, kwa mtoto wa miaka mitano pumzi inakata katikati. Mtindo wa utenzi ndo unawafaa, mstari mmoja mizani 8, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne una kina chake ambacho unakirudisha mwisho wa kila ubeti, kama hapo juu wapi na kipi. Mizani hesabu kwa kupiga makofi, usihesabu kwa macho, kwa sababu "mtoto" ni makofi matatu, m-to-to, lakini "mbuzi" ni mawili tu, hapo mb inatamkwa pamoja. Ukisoma kwa sauti utasikia mwenyewe mstari uliozidi, ulimi unajikwaa.

Vina kwa Kiswahili ni rahisi mno na urahisi wenyewe ndo mtego. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mtu anaona "kata" na "kaka" yamelingana anaendelea, wakati kina ni silabi nzima, -ta kwa -ta. Alafu kuna vina vya bure, shuleni, nyumbani, mezani, uwanjani, ubeti mzima umeishia -ni na hujatoka jasho. Au kupendana, kusaidiana, kushirikiana. Havikatazwi lakini ukiona umetumia vitatu mfululizo ujue kile kimkia cha neno ndo kimekutungia shairi, wewe umelala. Lazimisha angalau jina moja la kitu katikati ya vitenzi, twiga aje avunje foleni. Na kama vina vinakukaba tunga shairi huru, ila weka kitu kinachojirudia, neno au mstari, watoto wadogo wanapenda kujua kinachokuja ili wakiseme pamoja na wewe.

Sauti. Hapa lugha yetu imejaa na hatuitumii vya kutosha. Giza totoro, nyeupe pepepe, amelala fofofo, ametumbukia majini chubwi, ameanguka pu. Kwa watoto wa chini ya miaka sita saa ingine hizo tanakali ndo shairi lenyewe, maana wao bado wanaonja maneno mdomoni kabla ya kuyaelewa. Wa miaka saba mpaka tisa wanataka uchekeshe na uwatege, vitendawili vinawafaa sana, na mambo ya kugeuza dunia kichwa chini. Kuanzia kumi hivi ukiwaimbia paka na kipepeo wanaona unawadharau, kichocheo kilekile cha kivuli wape upande mwingine, mfano kivuli cha mtu aliyesimama peke yake wakati wenzake wanapanga timu. Kwa hiyo kabla hujaanza amua unamwandikia wa umri gani, ukiandikia "watoto" kwa jumla unamkosa kila mmoja.

Mwisho wa wiki msomee mtoto, sio mtu mzima mwenzio. Mtu mzima atakwambia hongera, limetulia, basi. Mtoto hana huo muda. Usimuulize umelipenda? atasema ndio. Angalia tu: anakatiza hapo katikati kuuliza swali la kitu kingine? huo ubeti umelegea. Anasema "tena"? liache kama lilivyo. Anamalizia mstari kabla yako? vizuri, isipokuwa kama ameumalizia kwa neno bora kuliko lako, na hilo linatokea, basi chukua la kwake na umwambie umelichukua. Kama huna mtoto wa kumsomea jirekodi kwenye simu, usikilize kesho yake ukiwa unafanya kazi nyingine, pale masikio yatakapoacha kusikiliza ndo pa kukata.

Wiki itakayogoma je? Itakuwepo, neno linakaa siku saba halitoi kitu. Hapo unaandika mistari miwili mibaya unaweka tarehe unafunga, Jumatatu unachomoa kingine, hakuna kulipa deni la wiki iliyopita maana madeni yakirundikana utalichukia hilo kopo. Ile mibaya itunze tu, miezi mitatu baadae ukipitia daftari unakuta mstari wa kivuli ulioharibika unakaa vizuri kabisa kwenye shairi la ngazi.

Unaweza pia kufanya na wenzio, watu watatu wanne kwenye grupu, kichocheo kimoja kwa wote, kila mtu anatuma Jumapili. Faida yake sio kusifiana, ni kuona neno moja limetoka shairi la kuchekesha kwa huyu na la huzuni kwa yule, unajifunza pande ambazo hukuziona. Kama wewe ni mwalimu kiandike ubaoni Jumatatu na utunge pamoja na darasa, ila la kwako lisome mwisho, ukilisoma mwanzo wote wataandika la kwako.

Vya kuanzia hivi hapa, nakili kwenye vikaratasi uongeze vyako: Kitu kilichodondoka chini ya kitanda. Mvua inaliambia nini paa la nyumba? Barua kutoka kwa kiatu cha kushoto kwenda cha kulia. Jino linalotikisika. Namba ambayo hakuna anayeipenda. Kitu kinachosikika usiku tu. Siri ya mfuko wa shati. Mnyama anayeogopa jina lake. Shairi lisilo na herufi "a" hata moja, na hili la mwisho kwa Kiswahili ni gumu balaa kwa hiyo usilichomoe wiki ya kwanza, likitoka rudisha, hiyo sheria ya kutorudisha naivunja kwa hili tu.