Kero ya mtaa wako inafikaje Baraza la Madiwani

Kuna kitu wengi hatukijui, mi mwenyewe nilikuja kukijua siku nimeenda: kikao cha Baraza la Madiwani ni cha wazi, mwananchi unaingia, unakaa, unasikiliza mpaka mwisho, ila kuongea huongei. Mle wanaongea madiwani (wa kata na wa viti maalum), mbunge wa eneo, na wataalamu wakiulizwa, Meya (au Mwenyekiti wa halmashauri) anaongoza na Mkurugenzi wa halmashauri ndo katibu. Sasa mtu anatoka kwake asubuhi na hasira zote anajua leo nawapasha, anafika anaambiwa kaa pale nyuma usikilize, anarudi nyumbani kakata tamaa kabisa. Kumbe kazi yote ilitakiwa ifanyike kabla, tena huko huko mtaani.

Anza na kujua kero yako ni ya nani. Hapa ndo watu wanapoteza miezi jamani. Taka, masoko, shule za msingi, zahanati, vibali vya ujenzi, hizo ni za halmashauri moja kwa moja. Barabara za mitaani na mitaro yake iko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, barabara kuu ni TANROADS, umeme TANESCO, maji ni mamlaka ya maji ya eneo lenu, kwa Dar ni DAWASA. Haimaanishi diwani hahusiki na barabara, anaweza kuibeba na meneja wa TARURA akatakiwa kujibu mbele ya baraza, ila ukijua mwenye kazi ni nani unaomba kitu kinachoeleweka, hutajibiwa "hilo sio letu" ukaishia hapo.

Alafu nenda kwenye mkutano wa mtaa. Najua, mkutano unaitishwa saa nne watu wanafika saa sita, wengi tunaona ni wa wazee na wasio na kazi, lakini ndo mlango wenyewe huo, ukiwa na miaka 18 na unaishi hapo una haki ya kuongea. Mtaani kwetu tulikuwa na kizimba cha taka kisichozolewa, kiko jirani na shule, mvua ikinyesha maji machafu yanapita getini kwa watoto. Tulilalamika mikutano miwili, kila mtu kaongea vizuri watu wakapiga makofi, na hakuna kilichotokea. Mama mmoja jirani yangu akaomba kuona muhtasari wa mkutano, yaani kumbukumbu zilizoandikwa, tukakuta imeandikwa "suala la usafi lilijadiliwa", basi, neno kizimba halipo, shule haipo. Mkutano wa tatu hatukukubali kuondoka, tukamuomba mtendaji wa mtaa kwa heshima tu asome azimio kabla ya kufunga: mkutano unaomba kizimba kihamishwe kutoka jirani na shule na taka zizolewe mara mbili kwa wiki. Likaandikwa hivyo hivyo. Hiyo sentensi moja ilifanya kazi kuliko kelele zote tulizopiga kabla.

Kwa sababu muhtasari ndo unaosafiri. Mwenyekiti wa mtaa ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile watu wanaiita WDC, diwani ndo mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndo katibu, kwahiyo azimio lenu likiwa limeandikwa mwenyekiti anaingia nalo mkononi, lisipoandikwa anaingia na kumbukumbu yake na siku hiyo kuna mitaa mingine mitano nayo ina shida zake.

Usimuachie mwenyekiti peke yake lakini. Mwandikieni diwani barua ya ukurasa mmoja, sio zaidi: shida ni nini, iko wapi hasa, imeanza lini, inaumiza akina nani, mnaomba nini. Ambatanisheni picha zenye tarehe, kopi ya muhtasari, na majina na sahihi za wakazi. Pelekeni ofisi ya kata, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yenu na hiyo kopi muitunze. Mkienda kumuona muende wachache, wanne watano wanatosha, na muongee nae kama mtu mnayemtuma, "mheshimiwa tunaomba hili utusemee". Muombeni alete swali kwa maandishi kwa Mkurugenzi, maana swali la maandishi linapelekwa mapema kabla ya kikao na mtaalamu anatakiwa aje na jibu, tofauti na kulirusha siku yenyewe anajibiwa "tunalifanyia kazi".

Kuhusu muda: baraza la kawaida linakaa kila robo mwaka, na sehemu nyingi siku ya kwanza ni ya taarifa za kata, ya pili ni taarifa za kamati. Siku ya taarifa za kata ndo yenu, piga ua muwepo. Na kama mnachotaka kinahitaji hela, mfano darasa au choo cha soko, msisubiri mwezi wa sita, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi na bajeti halmashauri zinaipitisha miezi kadhaa kabla, mara nyingi Januari au Februari, so azimio lenu liwe limeshafika kata kabla ya Desemba.

Mkihitaji taarifa, mfano mkataba wa mzabuni wa taka unasemaje, andikeni barua ya kuomba, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 na inaipa ofisi mliyoiandikia siku 30 kujibu. Itajeni kwenye barua.

Siku ya kikao fikeni mapema, vaeni kwa heshima, simu zizimwe sauti, msipige kelele hata mkisikia jambo linalouma. Andika kilichosemwa kuhusu kata yenu: nani kajibu, kaahidi nini, lini. Kisha rudini kikao kinachofuata, maana kuna ajenda inaitwa yatokanayo, yale ya kikao kilichopita yanasomwa na utekelezaji wake. Sisi kwenye yatokanayo ndo tulisikia kizimba chetu kimetafutiwa eneo lingine, tukatoka hapo tukaenda moja kwa moja kwa mtendaji kuuliza gari la kuzoa linaanza siku gani.