Umepewa kuandaa shindano la uhandisi? Soma hii kabla hujaita mgeni rasmi

Wakuu, kila chuo na kila shule yenye klabu ya sayansi siku hizi ina siku yake ya ubunifu, na kila mwaka malalamiko ni yaleyale: majaji wamependelea, masharti yamebadilishwa juu kwa juu, kitu cha fulani hakikufanya kazi ila ndo kimebeba zawadi. Mi nimekaa meza ya majaji mara kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa pili vidole vimejaa gundi, kwa hiyo machungu ya pande zote mbili nayajua. Naandika namna ya kuendesha shindano moja dogo tu, la daraja la vijiti vya aiskrimu, maana ndo rahisi kuandaa bila bajeti kubwa, ukilielewa hilo basi la pampu ya maji au la jiko banifu halitakusumbua.

Kisa kwanza. Mwaka mmoja, chuo sikitaji, tulipewa fomu yenye vigezo kumi, kila kimoja pointi kumi: ubunifu, mvuto, uwasilishaji, ushirikiano wa timu, sijui na nini. Uimara nao pointi kumi, na huo uimara tulikuwa tunaukadiria kwa macho! Likashinda daraja lililopakwa rangi ya fedha, lina vitaa vinawaka, madogo wenyewe wamevaa suti. Sherehe imeisha, kijana mmoja wa timu iliyotoka mikono mitupu akaja na tofali la saruji, akaomba kwa adabu tuliweke juu ya madaraja yote mawili. La vitaa likakaa kama sekunde mbili hivi likaenda chini, la kwake, bayaaa, gundi imevujia kila kona, likabeba tofali na akaongeza la pili. Mgeni rasmi kashaondoka, picha zimeshapigwa. Mi nilitamani ardhi inimeze.

Sasa tuanze. Kabla hujaandika sharti hata moja jiulize hiki kitu kazi yake nini, halafu tengeneza jaribio linaloiga hiyo kazi, basi. Hili wala sio jipya. Mwezi wa 10 mwaka 1829 huko Rainhill, Uingereza, wenye reli ya Liverpool hadi Manchester walitangaza pauni 500 kwa kichwa cha treni kitakachofaa, na hawakusema "kizuri kuliko vyote", walisema kivute mzigo mara tatu ya uzito wake, kiende na kurudi kwenye kipande kifupi cha reli mara kumi, jumla inakaribia kilomita 56 kama vile kimesafiri mji mpaka mji, halafu kirudie tena. Watazamaji walikuwa wameipenda mashine moja iitwayo Novelty, nyepesi, ina mbio, inapendeza, wangeshindanisha kwa makofi ingebeba pauni zote. Ila kwenye safari za kurudiarudia ikaanza kuharibika. Aliyemaliza ni mmoja tu, Rocket ya akina Stephenson, baba na mwana mafundi wa injini. Na ona na hili, mashine nyingine, Sans Pareil, ilipopimwa ikaonekana imezidi uzito ulioruhusiwa, majaji wakairuhusu ikimbie hivyohivyo, ikaharibika nayo. Jiulize ingemaliza ya kwanza ugomvi ungekuwaje. Kwa hiyo andika mapema, tena kwa maandishi: aliyezidisha uzito anapimwa kwa ajili ya kujifunza ila hawanii zawadi, au anakatwa pointi kadhaa, chagua moja usije ukakutwa unaamua huku watu wamesimama wanakutazama.

Tuje kwenye kanuni ya ushindi, hapa ndo wengi wanaumia. Wengi wanaweka "mzigo uliobebwa ugawanye kwa uzito wa daraja". Inaonekana ya haki eeh? Haya chukua daraja la gramu 300 lililobeba kilo 45, hiyo ni mara 150. Dogo mwingine kaja na kadaraja ka gramu 60 kamebeba kilo 12, hiyo mara 200, kameshinda, wakati ulitaka daraja la kupitisha kilo 30! Na sio kwamba kaiba, kasoma kanuni yako vizuri kuliko wewe. Kitu kikiwa kidogo uzito wake unashuka haraka kuliko nguvu yake, ndo maana siafu anabeba vitu vikubwa kuliko yeye na tembo hawezi. Dawa yake: funga urefu wa pengo, tuseme sentimita 50, wote sawa, kisha sema daraja lolote litakalobeba kilo 30 kwa dakika moja nzima limefaulu, na kati ya yaliyofaulu jepesi kuliko yote ndo mshindi. Sentensi mbili, mtoto wa form one anaelewa, na ndo kazi halisi ya injinia, kufikisha kinachotakiwa kwa vifaa vichache.

Na wasipofaulu wote? Basi hakuna mshindi wa kwanza, na useme hivyo tangu siku ya tangazo. Wizara ya Ulinzi ya Marekani kupitia DARPA, shirika lake la utafiti, iliweka dola milioni 1 mwaka 2004 kwa gari litakalojiendesha lenyewe jangwani, njia ya kama kilomita 240, lililofika mbali kuliko yote liliishia karibu kilomita 12 tu. Hela haikutoka. Mwaka uliofuata wakarudia, dola milioni 2, magari matano yakamaliza na la Stanford likashinda. We nawe hela yako iweke ya mwakani, wape vyeti, wakajipange.

Vifaa vya kupimia sasa. Usitumie ndoo ya kuning'iniza kwa mpini wake, nakuomba. Tuliwahi kuitumia, mpini ukang'oka mchanga ukiwa haujafika hata nusu, daraja likapata mtikisiko likavunjika, timu ikadai imeonewa na kusema kweli ilionewa. Tafuta kipande cha mbao ngumu kikae katikati ya daraja, toboa tundu, pitisha nondo nyembamba yenye nati juu na ndoano chini, ndoo ya lita 20 ifungwe kamba ya katani kuzunguka mwili wake. Mchanga mkavu ndoo ikijaa inafika kama kilo 32, unatosha, ila mi napenda maji, lita moja kilo moja (basi ndoo iwe kubwa zaidi, ya lita 20 haitafika kilo 30), unamimina kwa mpira taratibu bila kutikisa na hesabu watazamaji wanaihesabu wenyewe. Ila usisahau ndoo, kamba, nondo na kile kibao navyo ni mzigo, vipime kabisa na vihesabiwe humohumo kwenye kilo 30. Chini weka godoro kuukuu, ndoo iwe juu yake sentimita 10 hivi, maana ikianguka kutoka juu ni mguu wa mtu huo.

Halafu andika maana ya "limevunjika". Msicheke, nusu ya ugomvi wote niliouona ulikuwa hapa. Limelia kwaa lakini bado limesimama, limevunjika? Limepinda kama ndizi? Sema hivi: limefeli likipinda katikati zaidi ya sentimita 3 kwenye rula tuliyoibandika pembeni, au ndoo ikigusa godoro, kulia lilie tu. Madaraja yapokelewe siku moja kabla, yapimwe kwa mizani moja ya jikoni inayosoma gramu, mwenye daraja anaona namba, anasaini, linafungiwa chumbani. Ukipokea asubuhi ya siku yenyewe utawakuta wapo koridoni wanapuliza gundi ikauke.

Je majaji hawana kazi? Wanayo, ila iwe ndogo kuliko ya ndoo. Kwenye Formula SAE, ile ya wanavyuo wanaounda gari la mbio, iliyoanza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, pointi zote ni 1000, na 675 zinatafutwa barabarani gari likikimbia, kuongea mbele ya majaji kuhusu biashara ni 75 tu. Mgawo kama huo mi nauona wa haki, theluthi mbili kifaa, theluthi moja watu. Na hiyo theluthi isipotee kwenye "mvuto". Niwekee swali moja tu kwa kila timu: ningekunyang'anya vijiti 20 ungevitoa wapi na kwa nini? Aliyejenga mwenyewe atakuonyesha kwa kidole, hapa mzigo haupiti, hapa ukitoa tu linakaa chini. Aliyejengewa na mjomba fundi atatazama dari. Waambie pia waje na daftari la kazi, lenye michoro ya mwanzo iliyofutwafutwa na yale yaliyokataa, hilo ndo nalisoma kuliko bango la kuprinti.

Lugha nayo, hii inaniuma. Tunawalazimisha watoto waeleze kwa Kiingereza kwa sababu mgeni katoka ubalozini, basi mwenye Kiingereza cha akademia anapata alama za uhandisi kwa kutamka vizuri. Dogo mwambie aeleze kwa Kiswahili kwa nini kaweka pembetatu na sio mraba uone anavyofunguka! Ruhusu lugha yoyote ambayo jaji ataielewa, na iandikwe kwenye masharti.

Kuhusu majaji wenyewe, kuna jaji mpole na kuna jaji mkono wa birika, alama zake anatoa kama anatoa mfukoni. Kama timu ni chache kila jaji apite kwa timu zote, imeisha hiyo. Kama ni nyingi na mmegawana kwa kura, usijumlishe namba mbichi. Tuseme jaji mpole wastani wake kwa timu alizoziona ni 82, wa birika ni 58. Timu ya kwanza imepata 84 kwa mpole, ya pili 70 kwa birika. Kwa macho ya kwanza imeshinda, lakini ukitoa wastani wa kila jaji, ya kwanza ipo juu kwa 2 na ya pili ipo juu kwa 12. Eksel inafanya hiyo kazi dakika tano. Ila kila jaji awe ameona timu nyingi kidogo, sita au saba kwenda juu, akiwa ameona mbili huo sio wastani. Asubuhi wakae wote wapige alama mradi mmoja wa mazoezi, daraja la mwaka jana kwa mfano, wabishane hapo, baada ya hapo kila mtu ajaze fomu yake kimya kabla ya kuongea na mwenzake, maana akianza profesa kusema "hii kali", wengine wote kalamu zinapanda. Na mwalimu mwenye timu hapo haikaribii timu yake, hata kama ni mtu wa haki namna gani.

Ratiba: mgeni rasmi aalikwe mchana, saa nane, majaribio yaanze saa mbili. Atachelewa, mnajua, na akichelewa kinachokatwa huwa ni muda wa majaji, utasikia "pitieni harakaharaka". Ukiwa umeshamwaga maji yako yote asubuhi, achelewe anavyotaka, na bakiza madaraja mawili ya mwisho yavunjwe mbele yake, atafurahi kuliko hotuba. Zawadi nayo iwe mkononi siku hiyohiyo, sio lile hundi kubwa la kadibodi halafu watoto wanapiga simu miezi mitatu.

Matokeo yabandikwe ukutani yote, uzito, kilo, sekunde, alama za kila jaji kwa namba sio jina. Kila timu ipewe karatasi yenye mistari miwili mitatu ya jaji, tena ya maana, "kiungo cha tatu kushoto gundi haikushika kwa sababu vijiti vilikuwa na nta", sio "hongera ongeza bidii". Na wafagiaji waambiwe mapema wasiguse mabaki, kila timu ichukue daraja lake lililovunjika kwenye mfuko, mi nimeshaona madogo wamekaa chini ya mwembe hadi magharibi wanaunganisha vipande kutafuta kijiti gani kilianza kukatika.