Utando wa siki ya ndizi: kuuotesha, kuushika na kuusoma

Ndoo ya siki ya ndizi ikitulia wiki mbili, juu yake huota utando laini unaofuata duara la ndoo bila kuacha ufa. Wapo wanaouona wakadhani kimeoza, wakamwaga vyote. Wapo wanaouacha unenepe vidole viwili, wakiamini unene ndio ukali. Wote wanausoma vibaya, na hao wa pili ndio wanaopoteza siki iliyokwisha kuiva.

Utando huo ni makazi ya bakteria wa siki. Hawa hawawezi kugeuza kileo kuwa asidi bila oksijeni, kwa hiyo wanafuma nyuzi za selulosi, kitu kilekile kilichomo kwenye pamba, zinazowaweka juu pale hewa inapokutana na maji. Adrian Brown, mkemia wa Uingereza, ndiye aliyeonyesha mwaka 1886 kwamba ni selulosi kweli. Nyuzi zenyewe ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana, na zinashika maji ajabu: katika gramu 100 za utando mbichi, 98 au 99 ni maji.

Anza na pombe safi. Menya ndizi mbivu zilizoingia madoa meusi, upate kilo 2 za nyama. Ponda, ongeza lita 4 za maji yaliyochemshwa yakapoa, gramu 300 za sukari na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Funika bila kukaza kifuniko, maana gesi lazima itoke. Baada ya siku 7 hadi 10 mapovu hukoma. Chuja kwa kitambaa, acha itulie siku nzima, kisha mimina taratibu ukiacha machicha chini. Usiruke hatua hii ya kutuliza. Hamira ikibaki nyingi itaendelea kutoa gesi, mapovu yatanasa chini ya utando na kuuinua kama chapati inayofura, na palipoinuka patakauka na kuota ukungu.

Kwa kipimo hicho kileo hufika karibu asilimia 6, na ndicho kinachofaa. Ukijaza sukari ili siki iwe kali zaidi, kileo kikipita asilimia 10 hivi bakteria wanalemewa na utando hauoti kabisa. Aliye Iringa wakati wa mvua anaweza kuruka kazi yote hii akatumia ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, uliokwisha kukolea. Ule mtamu wa asubuhi bado una sukari nyingi, usubiri kwanza.

Sasa changanya sehemu 4 za pombe na sehemu 1 ya siki hai, yaani siki ambayo haikuchemshwa, pamoja na kipande cha utando kama unacho. Siki nyingi za dukani hazina bakteria walio hai. Zinaongeza uchachu unaozuia ukungu, lakini hazioteshi kitu. Usipopata siki hai, acha ulanzi au pombe ya ndizi chini ya kitambaa wiki tatu au nne, itajichachusha yenyewe, ingawa hatari ya ukungu ni kubwa zaidi.

Chombo kiwe kipana kuliko kirefu: lita 5 ndani ya ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 20 zinatosha. Kioo pia kinafaa. Sufuria ya alumini hapana, asidi huila. Funika kwa kitambaa kilichofumwa karibu, kama kipande cha shuka, ukikaze kwa mpira. Chachi ya hospitali ina matundu makubwa, na vile vijinzi vinavyozengea ndizi vitapita.

Baada ya hapo usiiguse. Kila ukitikisa ndoo unauvunja utando ukiwa bado mchanga, vipande vinazama, na bakteria wanaanza kufuma upya. Utando uliozama haujafa wala haudhuru, ila haufanyi kazi kwa kuwa huko chini hakuna hewa.

Joto linalofaa ni nyuzi 25 hadi 30. Mjini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai ni baridi mno kwa kazi hii. Chini ya nyuzi 15 utando karibu usimame. Weka ndoo jikoni, mbali na moshi, izungushie blanketi ubavuni lakini mdomo uachwe wazi upumue. Kinachochukua wiki tatu Kyela wakati wa joto kinaweza kuchukua miezi miwili Mbeya au Makete.

Kuanzia siku ya tano angalia ubavuni kwa tochi. Kwanza huonekana ukungu-ukungu kama pumzi kwenye kioo, halafu ngozi inayong'aa. Ukifika milimita 3, nawa mikono vizuri, uunyanyue kwa viganja viwili. Utando mzuri hauchaniki kwa uzito wake. Unateleza, ni baridi, mzito kwa maji. Uvute kando, unakaza kama raba ngumu, hautanuki sana. Lakini ushike ukingoni na kucha, uubandue, unaachana kurasa kwa kurasa, kwa sababu umejengwa kwa matabaka yaliyolala na jipya huongezwa juu. Ukiubana, maji hutoka. Ukiukausha juani siku mbili, kipande cha gramu 200 kilichooshwa kinabaki gramu chache, kikavu kama ngozi ya ngoma, na hata ukikiloweka tena hakirudi unene wake wa awali.

Kinachopasuka kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa si lazima kiwe kibaya. Wapo bakteria wa siki wasiofuma selulosi nyingi, utando wao ni mwembamba wenye kung'aa kama mafuta, na siki yao ni nzuri tu. Chenye kukutia shaka ni utando mweupe mkavu, wenye mikunjo na unga juu. Hao ni hamira wa porini, na wanaonyesha uchachu haukutosha mwanzoni. Utoe, ongeza siki, endelea. Manyoya ya kijani au meusi ni ukungu: mwaga vyote, osha ndoo kwa maji ya moto. Na kama kimiminika chenyewe kinavutika kama mlenda ukikichota, hiyo ni kazi ya bakteria wengine, jamaa za wale wa mtindi, waliopata nafasi kwa sababu uchachu ulikuwa mdogo. Hakidhuru, ila hakuna atakayekimimina kwenye kachumbari kwa furaha.

Rangi ya kahawia isikutishe, inatoka kwenye ndizi.

Kuhusu unene: selulosi hufumwa hasa kwa sukari. Utando wa sentimita 2 unakuambia pombe ilibakiwa na sukari nyingi, haukuambii siki ni kali. Tena unene huo unazuia hewa kushuka, hivyo kazi inapungua. Fuata pua na ulimi: harufu ya pombe ikiisha na ukali ukaacha kuongezeka kwa siku tatu nne, toa utando siku hiyohiyo. Kileo kikiisha, bakteria hugeukia asidi yenyewe na kuila, na siki uliyoisubiri mwezi mzima inarudi kuwa maji.

Chuja, pasha moto hadi nyuzi 65 au 70 kwa dakika 10, jaza chupa mpaka shingoni. Usipopasha, utando mwingine utaota ndani ya chupa. Siki isiyopimwa asidi itumike kwenye kachumbari na mboga, si kwa achari ya kukaa kabatini miezi, kwani hiyo inataka uhakika wa asilimia 5.

Utando wenyewe kata kipande cha ukubwa wa kiganja, ukiweke kwenye chupa ya mdomo mpana kikiwa kimefunikwa na siki mbichi ambayo hukuipasha. Kinatosha lita 5 zijazo.