Matairi ya kushukia milima ya Morzine: anza na ganda, meno baadaye

Anayejiandaa kwenda kushuka na baiskeli Morzine au Les Gets, kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa, mara nyingi swali lake la kwanza ni la meno ya tairi. Ni swali la maana, lakini ni la pili. Kinachoharibu safari kule ni ganda la tairi, yaani mwili wake ulio chini ya meno, hasa zile kuta za pembeni. Lifti ya nyaya ya Pleney inakutoa mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,000 hivi, na kukufikisha karibu mita 1,500, kisha unashuka. Ukirudia mara kumi, umeshuka mita 5,000 kwa siku moja, kwenye mawe, mizizi na yale matuta yanayochimbwa na breki za maelfu ya watu kabla ya kila kona. Tairi jepesi linalofaa kwa mizunguko ya nyumbani halijatengenezwa kwa kipigo hicho.

Kwa hiyo soma kwanza maandishi ya ubavuni. Kwa matairi ya Maxxis, EXO ni ganda jepesi, EXO+ limeongezwa kinga kidogo, DoubleDown lina tabaka mbili, na DH ndilo zito kuliko yote. Kwa Schwalbe ngazi zinazokaribiana na hizo ni Super Trail, Super Gravity na Super Downhill. Kwa wiki nzima ya lifti, weka DH nyuma bila kusita. Mbele unaweza kushuka ngazi moja, ukatumia DoubleDown au Super Gravity, kwa sababu uzito wa mwendeshaji na mapigo makali huangukia gurudumu la nyuma. Tairi la DH la inchi 29 kwa 2.5 lina uzito wa gramu 1,300 hivi, na kwenye kupanda ungelilaani. Lakini hapa anayepanda ni lifti, si miguu yako, na huo uzito unakulipa kwa utulivu: tairi zito halirukiruki juu ya mawe.

Sasa meno, au kashata kama mafundi wengi wanavyoyaita. Julai na Agosti njia zikikauka, udongo huwa mgumu chini na vumbi juu. Hapo Maxxis Assegai mbele ni chaguo salama. Kati ya meno ya katikati na ya pembeni lina safu nyingine, kwa hiyo ukilaza baiskeli unakuta meno njia nzima. Minion DHF lina mfereji mtupu mahali hapo. Linashika vizuri sana ukililaza kwa uamuzi, ila anayelaza nusunusu hujikuta juu ya ule mfereji na gurudumu la mbele linaanza kuteleza. Nyuma weka Minion DHR II, ambalo meno yake ya katikati yamekaa kama makasia na kushika ardhi ukifunga breki. Schwalbe Magic Mary linafaa mbele pia, hasa kwenye udongo laini wa msituni.

Mvua ikinyesha, mambo yanageuka kabisa. Mizizi ya misonobari inakuwa kama imepakwa sabuni, na udongo unajaa katikati ya meno mpaka tairi linakuwa kipara. Chukua tairi moja la mbele lenye meno marefu yaliyoachana, kama Maxxis Shorty, ulibebe kama akiba. Ukilitumia siku ya ukavu kwenye ardhi ngumu, meno yake yatapinda na utahisi usukani unayumba kwenye kona, kwa hiyo usilifanye tairi la kila siku.

Mpira wenyewe nao una madaraja. MaxxGrip ni laini sana na hushikilia jiwe lililolowa, lakini huisha haraka. MaxxTerra ni mgumu kidogo na hudumu. Laini mbele, mgumu nyuma: mbele ikiteleza unaanguka, nyuma ikiteleza mara nyingi unaiwahi.

Kabla ya kununua, pima ringi. Alama ya WT kwenye Maxxis maana yake tairi limekusudiwa ringi pana, yenye milimita 30 hadi 35 kwa ndani. Angalia pia kipenyo, maana baiskeli nyingi siku hizi zina 29 mbele na 27.5 nyuma, na uhakikishe tairi la 2.5 halitagusa fremu likijaa tope.

Yafunge nyumbani, wiki moja kabla, bila tyubu ndani. Safisha ringi, kagua utepe wa ndani: ukiwa umekunjamana au umetoboka kwenye tundu la spoku, badilisha. Fuata mshale wa mwelekeo. Upande wa pili wa tairi anza kuuingiza mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, huku ukiusukuma ukingo ukae kwenye bonde la katikati ya ringi. Wanaovunja nyenzo za plastiki za kuingizia tairi kwa nguvu karibu wote wamesahau hilo bonde. Toa kiini cha valvu, mimina mililita 120 za dawa ya kuziba pancha, paka kingo maji ya sabuni, kisha jaza upepo kwa kasi. Utasikia mlio wa "pa!" mara mbili au zaidi kingo zikikaa. Usizidishe kiwango kilichoandikwa kwenye tairi au kwenye ringi. Chukua kilicho kidogo. Tazama ule mstari mwembamba unaozunguka karibu na ringi: ukizama mahali, tairi halijakaa sawa, toa upepo na urudie. Likishakaa, zungusha gurudumu, lilaze kila upande dakika chache, liache usiku kucha.

Upepo ndio unaomalizia kazi. Mwenye kilo 75 anayetumia DH aanze na psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 23 mbele na 26 nyuma. Mzito zaidi aongeze psi 1 kwa kila kilo 8 hivi, na mwenye ganda jepesi aongeze 2 au 3. Ukisikia ringi ikigonga mawe mara kwa mara, ongeza psi 1. Ukisikia "pfff" kwenye kona na kuona unyevu wa dawa ukingoni, tairi limecheua upepo: nalo linataka nyongeza. Tumia geji ileile kila siku, maana geji mbili hazikubaliani. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, na kumbuka baiskeli iliyolala kwenye baridi ya nyuzi 8 itaongeza psi 2 au zaidi jua la mchana likifika nyuzi 28.

Mkobani beba vijiti vya kuziba, tyubu moja, pampu ya mkono na kipande cha tairi kuukuu chenye ukubwa wa kadi ya benki. Kijiti huziba tundu la kwenye meno. Ringi ikiwa imebana tairi juu ya jiwe na kukata karibu na ukingo, kijiti hakitashika pale, weka tyubu. Ubavu ukichanika, kile kipande cha tairi kuukuu kiweke ndani, kati ya tyubu na mpasuko, jaza upepo kidogo kidogo huku ukiangalia kama ubavu unavimba, kisha shuka taratibu mpaka dukani. Kabla ya kuingiza tyubu, pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote, kwa sababu miiba na vipande vya jiwe vilivyonaswa kwenye dawa hutoboa tyubu mpya kabla hujafika kona ya pili.