SOMO: Mzee akianza kutaka uji tu, chunguza kinywa na miguu yake

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Wengi humu mnaishi na mzazi au bibi, iwe Uyole, Mafinga, Tukuyu au kule Makete, na malalamiko yenu yanafanana: "Mzee siku hizi hali, anataka uji tu." Basi tunampikia uji na tunajiona tumemhurumia. Miezi inapita, nguo zinampwaya, kuinuka kitini mpaka ashikwe mkono, nasi tunasema ni uzee. Uzee unasingiziwa sana. Mara nyingi mambo yalianzia kwenye magego.

Mtu aliyeshindwa kutafuna haachi kula. Anaacha vigumu: nyama, maharage, karanga, mboga zenye nyuzi. Vinabaki chai, uji, viazi na ndizi. Tumbo linajaa lakini protini haipo, na misuli isiyopata protini inanywea. Taya nalo linaendeshwa na misuli, kwa hiyo mwili ukidhoofu, kutafuna kunazidi kuwa kazi.

Hatua ya 1: Mtazame akila

Usimuulize, atakwambia "niko sawa mwanangu". Kaa naye mezani siku mbili tatu. Je, anatafuna upande mmoja tu? Anafyonza nyama kisha anatema makapi? Chapati haiingii kinywani mpaka ilowane kwenye chai? Wote mmemaliza, yeye bado ana tonge shavuni? Angalia na sahani inaporudi jikoni: kilichobaki ndicho kilichomshinda.

Hatua ya 2: Pima nguvu zake

Weka kiti imara, mgongo wa kiti ukiegemea ukuta. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo, wewe ukiwa ubavuni kumdaka. Akizidi sekunde 15, au akashindwa bila kujishika, misuli ya miguu imepungua. Kisha zungushia vidole gumba na vya shahada vya mikono yake mwenyewe kwenye sehemu nene ya kigimbi. Vidole vikikutana na nafasi ikabaki, ni dalili nyingine.

Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake huko Marekani walitaja dalili tano za udhaifu wa uzeeni: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka sana, mkono kukosa nguvu ya kukamata, mwendo kuwa wa polepole, na kupunguza shughuli. Tatu au zaidi, mzee ameshadhoofu. Moja au mbili, yuko njiani, na hapo ndipo pa kuwahi.

Hatua ya 3: Tochi kinywani

Meno bandia yatoke kwanza. Tafuta mizizi iliyobaki, jino linalocheza, fizi zinazotoa damu, wekundu au utando mweupe chini ya meno bandia. Kidonda au uvimbe uliopita wiki mbili bila kupona ni wa kupelekwa hospitali, hata kama hauumi. Usihesabu meno tu, angalia yanayokutana. Mtu anaweza kuwa na magego manne ya juu, na chini hana hata moja, basi hayo manne yanasaga hewa. Mwisho weka vidole mashavuni mwake, mwambie aume kwa nguvu. Usiposikia msuli ukijikaza, taya limelegea.

Hatua ya 4: Mpeleke kwa tabibu wa meno

Nenda na dawa zote anazomeza. Baadhi ya dawa za presha, za usingizi na za msongo hukausha mate, na kinywa kikavu hakisagi chakula hata kikiwa na meno yote. Usimwachishe dawa mwenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo ulizia dirisha la wazee, na ulizia mapema gharama ya meno bandia ili familia ijipange.

Hatua ya 5: Jikoni

Hapa ndipo wengi tunapokosea kwa nia njema. Tunalainisha chakula kwa kuondoa kile chenye nguvu.

Chukua supu. Tunamnywesha mchuzi wa mifupa, nyama wanakula vijana. Protini nyingi iko kwenye nyama, mchuzi umebeba kidogo mno. Isage au ikatekate ndogondogo, uirudishe kwenye mchuzi huohuo.

Maharage nayo. Ukiwa Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, hayafiki 100. Ukipanda Kitulo ni chini zaidi. Ndiyo maana maharage ya huku yanakula kuni na bado ganda linagoma. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe mpaka yapondeke kwa vidole viwili, au tumia sufuria ya presha. Magadi yanalainisha haraka, ila yana sodiamu kama chumvi, na mzee wa presha hayamfai. Yakiiva, yaponde na vitunguu na nyanya. Kande vilevile: mahindi yawe yamekobolewa, na sehemu ya mzee uiponde peke yake.

Usipa wa Kyela wakavu: kaanga bila mafuta, twanga, chekecha, nyunyiza kijiko kwenye mboga. Karanga zitwangwe, na zenye ukungu zitupwe zote.

Kwa hesabu, mzee mwenye afya anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wa kilo 50 anataka gramu 50 hadi 60. Yai lina kama 6, glasi ya maziwa au mtindi 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Parachichi, pamoja na sifa zake zote kule Rungwe, linatia mafuta mazuri na nishati, protini ni kiduchu. Mwenye tatizo la figo aongee na daktari kwanza.

Hatua ya 6: Asimame

Kile kipimo cha kiti kifanye zoezi, kila siku kadiri anavyoweza. Protini bila kutumia misuli haifiki mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dokta, mama mkwe ana meno bandia lakini anayavaa kanisani tu. Akirudi anayaweka kwenye kikombe. (Mafinga)*

Hahaa, yuko na wenzake wengi. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya unaendelea kupungua, kwa hiyo meno yaliyomkaa vizuri zamani sasa yanacheza na kuchubua. Yarudishwe kwa fundi wake yatiwe tabaka jipya ndani, au atengenezewe mengine. Kisha aanze na vyakula laini, atafune pande zote mbili kwa pamoja. Usiku ayatoe, yaoshwe kwa brashi na sabuni, yalale kwenye maji ya kawaida. Ya moto yanayapinda.

*Uji wa lishe wenye nafaka nyingi si unatosha? (Njombe)*

Weka maziwa au yai na uji unakuwa chakula. Ila usiwe ndio mlo wa kutwa, taya likikaa bila kazi linazidi kulegea. Na nafaka saba zikichanganywa zinabaki nafaka.

*Babu alipata kiharusi, akinywa chai anakohoa. (Tukuyu)*

Huyo si wa somo hili peke yake, mpeleke hospitali wakaangalie umezaji. Kwa sasa akae wima, anywe kidogokidogo, asilale mara baada ya kula. Na kinywa kisafishwe kila siku, hata kama ni kibogoyo. Japani walijaribu hili kwenye nyumba za wazee, na waliosafishwa vinywa walipata nimonia kidogo kuliko wengine.

*Nikimtengenezea baba meno, nguvu zitarudi? (Iringa mjini)*

Meno peke yake, siwezi kukuahidi. Tafiti nyingi zimeona wasiotafuna vizuri ndio hao wanaodhoofu, lakini kuona viwili pamoja hakuthibitishi kimoja kimeleta kingine. Na mtu akipata meno asipobadilishiwa sahani, anaendelea na uji wake. Fanya hatua ya 4, 5 na 6 kwa pamoja.

*Baba yangu msimu wa ulanzi hagusi chakula, anasema ameshiba. (Kilolo)*

Ameshiba kweli, ila ameshiba maji, sukari na pombe. Kumkataza hutaweza, mpe mayai mawili na maharage kabla hajatoka. Na kama anameza dawa za presha au kisukari, daktari wake aambiwe kuhusu ulanzi, maana hilo baba hatalisema mwenyewe.