Kijibwa cha Wiki Tano si cha Miezi Miwili

Wafugaji wa kuku wa Kisauni, Mwakirunge na Likoni hapa Mombasa wanatafuta mbwa wa kulinda banda, na wengi humnunua kwa mtu binafsi, jirani ambaye mbwa wake amezaa. Hilo halina ubaya. Ubaya uko kwenye umri. Mimi daktari wa mifugo nafungua boksi nililoletewa, nakuta kijibwa cha wiki tano, na mnunuzi anaapa kuwa ameambiwa ni cha miezi miwili.

Hesabu hiyo hupatikana hivi. Mama amezaa tarehe 28 Machi, nawe umekwenda tarehe 2 Mei. Muuzaji anahesabu Machi, anahesabu Aprili: miwili! Kumbe ni siku 35. Nyinyi mnaohesabu siku 21 za mayai bila kukosea hata moja, kwa mbwa mnapokeaje hesabu ya mdomo?

Kijibwa hakitoki kwa mama kabla ya siku 56 kutimia. Muuzaji akikuhakikishia kwamba kinakula ugali, mwambie hukuuliza ugali. Usibishane naye, fungua mdomo wa kijibwa. Kila upande wa taya, juu na chini, hesabu meno madogo matatu ya mbele, chonge moja, na magego matatu nyuma yake. Jumla 28. Ukikuta ufizi mtupu nyuma ya chonge, rudisha pesa mfukoni, urudi wiki zikitimia.

Kijibwa kinachoachishwa mapema hudhoofika, na wakati huohuo kinga iliyotoka kwenye maziwa ya mwanzo ya mama inaanza kupungua. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, hungojea hapo. Siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, kinatapika na kuhara damu yenye harufu kali, na gharama ya dripu huenda ikapita bei uliyokinunulia. Tena ni katika wiki hizo ndipo vijibwa hufunzana kuuma bila kuumiza: mmoja akizidisha, mwenzake hulia na mchezo unakufa. Kilichokosa somo hilo kitajifunzia mikononi mwa wanao.

Nenda ukamwone mama yake palepale alipozalia. Mkikutana steji ya matatu utaona boksi tu. Pesa ya kushikilia nafasi usiitume kwa simu kabla hujamwona mama huyo.

Chanjo ya kwanza huchomwa kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Moja haitoshi! Ya kichaa cha mbwa huchomwa wiki ya 12. Kadi iwe na tarehe, stika ya chupa ya chanjo, na sahihi ya daktari wa mifugo. Karatasi iliyoandikwa "kimechanjwa" kwa kalamu ya muuzaji haina kazi. Dawa ya minyoo iwe imetolewa wiki ya 2, 4, 6 na 8, kwa uzito uliopimwa. Panda mizani ukiwa umekibeba, kisha panda peke yako, utoe. Anayekadiria kwa jicho hunipa kazi mara mbili.

Kisafirishe kabla ya saa tatu asubuhi, maana tuktuk ya saa saba mchana kwa joto la Mombasa ni tanuri. Njiani usikiweke chini. Kwa siku 7 za kwanza, chakula kiwe kilekile alichokuwa akikitoa muuzaji, mara nne kwa siku. Kikila na kucheza na choo kikawa kigumu, uko sawa.

Kama kijibwa kilichotangulia kilikufa kwa parvo, osha sakafu ya saruji kwa sabuni, kisha mwagia jiki, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, uache dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo, na virusi hukaa humo miezi mingi. Kwa ua wa namna hiyo, usilete kijibwa kingine ila kilichomaliza chanjo ya wiki ya 16.