Kabla hujapandisha programu yako ya Java kwenye seva

Nenosiri la hifadhidata halikai ndani ya msimbo wala kwenye Git, yaani hifadhi inayotunza kila toleo la msimbo wako. Likishaingia huko hata mara moja, kulifuta hakusaidii, maana historia bado inalo. Badilisha nenosiri lenyewe.

Faili la mipangilio lisomwe na akaunti inayoendesha Tomcat tu, yaani seva inayowasha programu za wavuti za Java. Chmod 600, basi: mwenye faili pekee ndiye alisome na kuliandika.

Sasa hili la mipangilio kukaa nje ya WAR, lile furushi moja linalobeba programu nzima, nisikilize vizuri. Nilikuwa na programu ambayo WAR yake ilibeba anwani ya hifadhidata ya majaribio. Siku ya kwanza niliiacha Tomcat ifungue furushi, nikaingia folda ya webapps inapokaa programu, hadi WEB-INF/classes, nikaandika anwani halisi kwa mkono na kuwasha upya. Ikafanya kazi miezi mingi, nami nikasahau kabisa kwamba niligusa kitu.

Ijumaa moja jioni nikapandisha toleo jipya, marekebisho madogo ya ukurasa mmoja. Tomcat ilipoona WAR mpya ilifuta folda ya zamani na kufungua nyingine, kama inavyopaswa. Marekebisho yangu ya mkono yakafutika pamoja na folda. Logi, yaani faili la kumbukumbu za programu, haikuonyesha kosa lolote. Watumiaji waliingia kama kawaida, kwa sababu hifadhidata ya majaribio ilikuwa nakala ya ile halisi, na kila walichoandika siku mbili kikaenda huko. Jumatatu mtu akauliza mbona ripoti haina oda hata moja ya Jumamosi.

Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilirudisha anwani halisi haraka kabla ya kuhamisha data, na hifadhidata halisi ikaanza kutoa namba zilezile za oda ambazo wateja wengine walikuwa wameshatumiwa kwa barua pepe. Tulizipatanisha moja moja, na wapo wateja tuliolazimika kuwapigia simu kuwaomba radhi.

Kwa hiyo weka mipangilio mahali ambapo WAR mpya haifiki. Kwenye Tomcat, tumia setenv.sh ndani ya bin kuweka vigezo vya mazingira au vile vya -D, yaani vinavyopewa Java inapowashwa. Taarifa za hifadhidata zinaweza kukaa kwenye faili la XML la programu, ndani ya conf/Catalina/localhost. Lakini weka nakala yake kwingine: ukiiondoa programu kupitia ukurasa wa usimamizi wa Tomcat, faili hilo nalo hufutwa.

Jua pia nani anamshinda nani. Kwenye Spring Boot, mfumo maarufu wa kuundia programu za Java, thamani ya -D hushinda kigezo cha mazingira, nacho hushinda faili la mipangilio la application.properties, na faili lililo nje hushinda lililo ndani ya furushi. Nimeona watu wakihariri faili saa nzima huku kigezo walichokisahau kikiamua kila kitu.

Kagua nafasi tupu mwishoni mwa mistari. Java haiziondoi inaposoma faili la properties, kwa hiyo nenosiri lenye nafasi moja nyuma yake ni nenosiri jingine. Mkwaju wa nyuma (\) nao uandike mara mbili, la sivyo C:\temp itasomwa ikiwa na tabo katikati.

Mpangilio wa lazima usiupe thamani ya akiba, ile inayotumika yenyewe usipoandika kitu. Ukikosekana, programu ikatae kuwaka. Na ikiwaka, iandike kwenye logi imeunganishwa na hifadhidata ipi, bila nenosiri. Mstari huo mmoja ungeniokoa Ijumaa ile ile.

Hifadhi WAR ya zamani mpaka mpya izoeleke. Usipandishe kitu saa ambayo wewe mwenyewe unaondoka. Ingiza rekodi moja ya kujaribu, kisha uitafute ndani ya hifadhidata yenyewe kwa macho yako, usiishie kuangalia kama ukurasa umefunguka.